"Yupo Tu Nyumbani": Mhadhara wa Kufungua Mwaka kwa Wazazi na Wanafunzi wa Sekondari ya Mtandaoni

(Uliotolewa Dar es Salaam, mwezi Januari, kabla ya kuanza kwa muhula wa kwanza)

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wetu, asalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Waandaaji wameniomba nizungumzie maandalizi ya mwaka mpya wa masomo, na katika karatasi mlizonazo wameorodhesha mada nne: saa za masomo nyumbani, gharama za bando, usajili wa mitihani, na sayansi kwa vitendo. Nawaambia mapema kwamba mada ya kwanza itakula muda mwingi kuliko zote, kwa sababu kila Januari ninaisema, na kila Juni ninakuta imesahauliwa. Namna ya kuingia darasani kwa simu, kubadili neno la siri na kutuma kazi sitaigusa. Vijana wa ufundi wamekaa pale mlangoni tangu asubuhi, na watoto wenu wanayajua hayo kuliko mimi.

Ninachopambana nacho ni kineno kimoja kidogo cha Kiswahili, nacho ni "tu". Nitaeleza nilikokipata.

Mwaka juzi tulikuwa na msichana wa kidato cha tatu, anayeishi na mama yake Mbagala, ambaye katika daftari la mahudhurio hakuwa na doa hata moja. Kila siku saa mbili kamili asubuhi jina lake lilikuwa limeshaingia darasani, na halikutoka mpaka saa saba mchana. Hata hivyo, alama zake za Hisabati zilishuka kutoka 61 hadi 24 katika muhula mmoja, na mwalimu alipomwita kwa jina, jibu lilichelewa, na mara nyingine halikuja kabisa. Walimu tukagawanyika, wengine wakisema binti ni mvivu na wengine wakisema simu yake ni mbovu. Niliomba ruhusa kwa mama, nikapanda daladala, nikafika kabla ya kipindi cha kwanza, nikapewa stuli barazani, mahali ambapo niliweza kumwona binti bila kumkalia kichwani.

Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lilikuwa juu ya friza. Juu ya friza, ndugu zangu, kwa sababu hapo ndipo soketi ya umeme ilipo. Na friza hiyo ndiyo duka la nyumba: ndani yake mna barafu za ubuyu na za ukwaju, ambazo watoto wa mtaa mzima wanazifuata. Mwalimu alikuwa anafundisha logarithimu. Binti alikuwa ameweka kisikilizio katika sikio la kushoto, na la kulia ameliacha wazi kwa ajili ya wateja.

Hodi ya kwanza ilipigwa saa mbili na dakika saba. Kila mteja alipokuja, binti aliibana simu kati ya shavu na bega, akafungua mfuniko wa friza, akatoa barafu, akatafuta chenji, akafunga, akairudisha simu kwenye kopo, akafuta maji kwenye kioo kwa pindo la khanga, kisha akapekua daftari kutafuta mahali alipoishia. Hadi kufika saa nne nilikuwa nimehesabu wateja 17. Mama naye alimwita mara tatu: kumshika mdogo wake, kwenda kununua mkaa, na kuangalia maharage yasiungue. Mwalimu alipouliza, "Tumeelewana?", darasa zima liliitikia ndiyo, na sauti ya binti ilikuwamo, ilhali mkononi alikuwa na noti ya elfu mbili na macho yake yakimtafuta jirani mwenye chenji.

Nilimuuliza mama kwa nini hauzi mwenyewe katika saa za masomo. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema: "Mwalimu, si yupo tu nyumbani?"

Hakusema kwa ubaya, wala sitaki mtu yeyote hapa amhukumu. Mama huyu huamka saa kumi alfajiri kufunga barafu, na ada ya binti inatoka humo humo ndani ya friza. Lakini sikilizeni kazi inayofanywa na lile neno "tu". Aliye nyumbani tu hana alichokuwa akifanya, na asiye na alichokuwa akifanya hawezi kukatizwa. Nikamuuliza: angekuwa anasoma shule ya kutwa, mteja wa saa tatu angehudumiwa na nani? Akajibu papo hapo: "Ningemhudumia mimi, au angerudi mchana." Kumbe mteja wa kurudi mchana yupo! Basi tukakaa, mama, binti na mimi, tukakubaliana. Binti alihamia chumba cha ndani kwa ekstensheni ya mita tano, na mama akachukua kipande cha mkaa akaandika mlangoni kwa mkono wake: BARAFU KUANZIA SAA 7. Asubuhi akawa anauza pale anapoweza yeye mwenyewe, na pale asipoweza hauzi. Alipoteza wateja kadhaa, na sitawaficha hilo. Muhula uliofuata binti alipata 52 katika Hisabati. Hakurudi kwenye 61, kwa sababu mada zilizompita akiwa anatafuta chenji zilikuwa bado zinamdai.

Sasa naomba tupige hesabu pamoja, maana wapo wanaodhani ninakuza jambo. Chukueni kadirio dogo, kwamba mtoto anakatizwa jumla ya saa moja tu kwa siku. Kalenda yetu ina siku 194 za masomo, kwa hiyo hizo ni saa 194 kwa mwaka. Kipindi chetu ni cha dakika 40. Gawanyeni mtapata vipindi 291. Kwa vipindi saba kwa siku, mtoto huyo amekosa zaidi ya siku 41, yaani zaidi ya wiki nane za shule, na katika daftari letu anasomeka kuwa hajawahi kukosa hata siku moja. Mtoto wa shule ya kawaida akikosa wiki nane, mzazi huitwa na mwalimu mkuu. Huyu wa mtandaoni hukosa mbele ya macho ya mzazi, na hakuna anayeitwa.

Najua yupo mzee hapa anayesema moyoni kwamba kazi za nyumbani ndizo malezi, na kwamba mtoto asiyetumwa ataharibika. Mzee wangu, sijasema asitumwe. Mimi nimefagia, nimeteka maji na nimechunga, na yote hayo niliyafanya kabla ya kengele ya asubuhi au baada ya kurudi. Hakuna aliyewahi kuja darasani kunitoa katikati ya somo ili niende kununua chumvi. Ninachoomba ni kengele hiyo hiyo, ipigwe ndani ya nyumba yako na uitii wewe kwanza.

Mwingine atasema: vipindi si vinarekodiwa, basi atatazama usiku. Hoja hii nimeichoka, na mniwie radhi nikiijibu kwa ukali. Kipindi kilichorekodiwa hakimjibu mtoto swali. Kinatumia bando la pili kwa somo lile lile. Usiku huohuo ana kazi za siku hiyo za kufanya, amechoka, na pengine umeme umekatika. Baada ya wiki mbili ana limbikizo la vipindi 20 ambalo hata mimi nisingekuwa na moyo wa kulianza. Tunarekodi kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya kurudia kabla ya mtihani.

Na wapo watakaonikumbusha mwaka 2020, shule zilipofungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni na wengine tarehe 29 Juni, na katika kipindi hicho watoto wengi hawakusoma chochote ingawa masomo yalikuwepo redioni, kwenye runinga na katika simu. Ni kweli. Lakini ulizeni ni nyumba ngapi wakati ule zilikuwa na saa iliyotengwa na mtu wa kuisimamia. Tulifungiwa shule ghafla, kila mtu akiwa na hofu yake. Leo hatujafungiwa, tumechagua wenyewe, na tumepata muda wa kujipanga.

Kusoma kwa mbali si jambo geni katika nchi hii. Mwaka 1973 Watanzania wapatao milioni mbili walisoma kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyodumu wiki 12. Marehemu baba yangu aliongoza kikundi kimoja. Redio ilikuwa moja, mali ya jirani, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na saa ya kipindi ilipokaribia watu walikuwa wameshakaa kwenye mikeka chini ya mwembe. Baba aliita majina, kipindi kikasikilizwa kimya, kisha kitabu kikafunguliwa na mjadala ukaanza, na baada ya mjadala watu walishika majembe wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Chombo chao kilikuwa duni mara mia kuliko simu iliyo mfukoni mwa mtoto wako. Walichokuwa nacho ni mahali panapojulikana, saa inayojulikana, na mtu mmoja mwenye jukumu la kusema, "Sasa tunasikiliza."

Hata Australia, ambako shule ya hewani ilifunguliwa Alice Springs mwaka 1951 ili kuwafundisha kwa redio ya mawasiliano watoto wa mashamba ya ng'ombe yaliyo mbali mno na mji, mtoto hakuachwa peke yake na mashine. Kulikuwa na mtu mzima wa kukaa naye, mara nyingi mama yake au mwalimu wa kuajiriwa nyumbani, na utaratibu huo umeendelea hata baada ya redio kuipisha intaneti. Mtu mzima huyo halazimiki kujua Kemia. Kazi yake ni kulinda saa.

Ndiyo maana mwaka huu tumeweka nafasi ya msimamizi katika fomu. Na hapa nawageukia akina baba. Tukiuliza nani anasimamia masomo, baba hujibu, "Nimelipa ada," na mama hunyamaza kwa sababu anajua jukumu limeshamwangukia pamoja na jiko, mtoto mchanga na biashara. Baba anayerudi jioni anaweza kukagua daftari kwa dakika kumi. Anaweza kuwaambia ndugu na majirani kwamba asubuhi mtoto huyu hatumwi, maana neno hilo likitoka kwake halibishiwi kama likitoka kwa mama.

Wapo pia kati yetu wanafunzi ambao wao wenyewe ni mama. Tangu Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shule, njia ya kuendelea imekuwa wazi zaidi kwao, na kwa baadhi yao darasa la mtandaoni ndilo linalowezekana. Kwao swali la msimamizi ni gumu kuliko kwa mwingine yeyote: nani atambeba mtoto kuanzia saa mbili hadi saa saba? Bibi, shangazi, jirani wa kulipwa, yeyote, lakini awe mtu anayejulikana kwa jina kabla ya Jumatatu. Binti akianza muhula kwa matumaini kwamba mtoto atalala, ataacha masomo kabla ya Machi. Nimeliona hilo mara nyingi mno, na kila mara linaniuma.

Kuhusu wavulana nitasema kwa ufupi: wao hawatumwi sana, wanaachwa sana. Mlango umefungwa, simu ipo, na kwenye simu kuna mpira na kamari. Mlango ubaki wazi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa, basi mada zilizobaki nitazipitia haraka.

Bando: wakati wa kipindi zima picha uache sauti, maana picha ndiyo inayomaliza data, na walimu wameagizwa kutuma maelezo ya ubaoni kama picha moja baada ya somo. Nyumba mbili za jirani zenye wanafunzi wa darasa moja zinaweza kutumia simu moja na bando moja, ilimradi msimamizi awepo.

Usajili: kumbukeni kwamba watoto hawa hufanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Asiyepitia mtihani wa kidato cha pili sharti afaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, yaani QT. Usajili wa Baraza la Mitihani hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, na anayechelewa hulipa faini. Msingoje Novemba mkaja kwangu mnalia.

Sayansi kwa vitendo nilitaka kuieleza kwa kirefu, na muda umekwisha. Itoshe kusema kwamba mtoto anayesoma Fizikia, Kemia au Baiolojia atapangiwa Jumamosi za maabara, na kuhudhuria ni lazima, kwa sababu hakuna anayejifunza kusoma bureti kwa kuitazama kwenye kioo cha simu.

Mbele yenu kuna fomu ya kijani yenye mistari mitatu: mahali mtoto atakapokaa, saa zake za masomo, na msimamizi wake. Fomu isiyojazwa mistari yote haipokelewi leo. Katika mstari wa tatu msiandike "mama" wala "nyumbani"; andikeni jina kamili na namba ya simu inayopatikana asubuhi, kwa sababu kipindi cha kwanza ni Jumatatu saa mbili kamili, na saa mbili na dakika kumi nitaanza kupiga.