W. W. Jacobs si Mtu wa Hadithi Moja

Nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia. Mwandishi mnayemjua kwa "The Monkey's Paw", ile hadithi ya 1902 ya kiganja cha nyani na matakwa matatu, alikuwa mwandishi wa vichekesho. Hadithi za kutisha aliandika chache. Za kuchekesha, nyingi za mabaharia, alijaza vitabu, kimoja baada ya kingine, tangu 1896. Lakini kila anayekusanya hadithi fupi za Kiingereza anabeba kile kiganja na kuwaacha mabaharia gatini. Inaniudhi sana.

Maisha yake nayapitia haraka. Alizaliwa Wapping, London, mwaka 1863. Baba yake alikuwa msimamizi wa gati. Akawa karani katika benki ya akiba ya posta, na hata baada ya kupata jina hakuiacha kazi hiyo mpaka 1899. Alikuwa mtu wa haya, mkimya, asiyependa makundi. Ndiyo maana hadithi zake nyingi hasimulii yeye. Anamwachia mlinzi wa usiku wa gatini azungumze.

Sasa tumsikilize huyo mlinzi katika "The Money-Box". Anaanza kwa kusema kwamba mabaharia hawajui kuweka akiba, ingawa wakiwa baharini, baa ikiwa mbali maili elfu moja, ungewasikia wanavyopanga! Na wakati anasema hayo, vidole vyake vinachezea shilingi bandia iliyoning'inia kwenye mkufu wa saa yake. Imetajwa mara moja tu, bila maelezo. Umeshamjua mtu mzima mzima, na mfuko wake pia.

Halafu wanaingia mabaharia Ginger Dick na Peter Russet. Wameshuka melini wana mishahara yao, na safari hii wameamua kuwa watu wa maana: fedha wanamkabidhi mzee Isaac Lunn, awagawie kidogo kidogo. Haupiti muda wanazitaka zote. Mzee anakataa. Wanabembeleza, wanafoka, mzee hatetereki, kwa sababu anatekeleza walichomwagiza wenyewe. Laurel na Hardy, wale wachekeshaji wa sinema, waliijengea hadithi hii filamu mwaka 1936.

Kuna watakaosema huu ni mzaha wa walevi, haufai darasani. Hapana, tafadhali! Someni tena. Hakuna mwizi pale, wala mjinga. Kuna watu walioahidi kitu asubuhi, na jioni wanagombana na ahadi yao wenyewe. Sasa waangalieni wazee White wa "The Monkey's Paw": wameomba pauni 200, wakapewa pauni 200 kamili, fidia ya kifo cha mwana wao kiwandani. Ni ufundi uleule. Mtu anapewa alichoomba, neno kwa neno. Upande mmoja unalia, upande wa pili unacheka, na mkono ulioandika ni mmoja. Anayefundisha nusu ya kwanza peke yake hajamfundisha Jacobs.

Nilitaka kumzungumzia Bob Pretty, jangili wa kijiji cha Claybury anayewazidi akili majirani zake wote, na pia Agnes, mke wa Jacobs, aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura. Muda hautoshi. Jacobs alifariki 1943, hakimiliki ya kazi zake imekwisha Uingereza, na vitabu vinasomeka bure kwenye intaneti. Anzeni na Many Cargoes. Mzee Isaac yumo katika Odd Craft, cha 1903.