Mtoto mwenye shanti, muangalieni macho

Assalaam aleikum, hamjambo mama zangu na nyinyi baba mliokuja, mliovuka feri kutoka Likoni na watoto mgongoni ahsanteni sana. Watoto wenu wana kichwa maji, ukubwa wa kichwa mnaujua kuliko mimi, leo nataka tuongee macho.

Ule mpira mwembamba waliowekewa, shanti, unatoa maji kwenye ubongo unayapeleka tumboni. Maji hayo hayaachi kutengenezwa, mtu mzima anatoa kama nusu lita kwa siku, kwa hivyo mpira ukiziba au ukikatika shingoni presha ya kichwani inapanda, na mtoto ambaye utosi ushafunga kichwa hakitanuki tena, utamtazama uone yuko sawa. Wengi tunangoja atapike, akitapika tunaambiwa malaria, na pengine macho yashabadilika zamani.

Iko neva inayovuta jicho upande wa nje, presha ikiibana jicho linageukia ndani, upande wa pua, makengeza ambayo hakuwa nayo. Mkubwa atakwambia naona vitu viwili viwili, mdogo hasemi, yeye ataweka kichwa upande ama afunge jicho moja akitazama katuni. Wengine macho hayapandi, yameshuka, mboni nusu imeingia kwenye kope la chini na weupe waonekana juu, madaktari wanaita jua linalozama. Mpimeni nyumbani: shika simu mbele ya uso, ipandishe polepole, kichwa kitulie, angalia macho yanafuata ama yanakwama. Na mpigeni picha ya uso siku akiwa mzima, daktari apate kulinganisha.

Linaloniuma ni mama kuambiwa skani ya kichwa iko sawa, rudi nyumbani. Wako watoto wa shanti presha imepanda na skani haikuonyesha maji kuongezeka! Hata mshipa wa kuonea nyuma ya jicho, ukivimba ni dalili kubwa, lakini usipovimba si kwamba shanti inafanya kazi, maana mshipa ulioharibika zamani hauvimbi tena. Na ukishakufa, kuona hakurudi hata atiwe shanti mpya.

Basi jicho likibadilika msinunue matone duka la dawa wala msingoje tarehe ya kliniki, nendeni hospitali ya Coast General hapa Mombasa usiku huo huo, na la kwanza kusema mlangoni ni kwamba huyu ana shanti, na juzi macho yake hayakuwa hivi.