Goti Jipya: Nyoosha Kwanza, Kukunja Kutafuata

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za saa hizi. Wenye magoti yanayosumbua tafadhali njooni huku mbele kwenye viti vyenye mikono, na ukichoka kukaa we simama tu, tembea kidogo, rudi, hamna shida kabisa. Mi kazi yangu ni mazoezi tiba, yaani ndo yule mtu anayekuja pembeni ya kitanda siku hiyohiyo ya upasuaji au kesho yake asubuhi anakwambia haya mzee tuamke, kwahiyo ntakayosema leo mengi nimeyaona pale kitandani.

Nianze na kinachobadilishwa kwenye huu upasuaji wa kuweka goti jipya, manake wengi wanaamini goti zima linakatwa na kutupwa. Hapana jamani. Goti ni pale ncha ya mfupa wa paja inapokutana na ncha ya mfupa wa ugoko, mbele kuna ile pia ya goti, kile kifupa cha mviringo unachokigusa, na kwenye hizo ncha kuna gegedu, ule utando laini unaofanya mifupa iteleze. Gegedu ikisagika mfupa unakutana na mfupa, ndo unapata yale maumivu ya kuamka usiku na goti kukakamaa kila ukiinuka. Daktari anachofanya ni kuondoa tabaka jembamba la hizo ncha, kama milimita 8 mpaka 10 hivi, halafu anazivisha chuma, juu mara nyingi ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, chini titaniamu, katikati inakaa plastiki ngumu ambayo ndo inachukua kazi ya gegedu, na kwa wengi vinashikiliwa na simenti maalumu ya mifupa. Saa moja mpaka mbili imeisha. Ila misuli inayolisogeza hilo goti, ngozi, mishipa ya fahamu, hivyo vyote ni vilevile vyako vya zamani, na ukilielewa hilo utaelewa kwanini tunawasumbua sana na mazoezi.

Na hii sio teknolojia ya kujaribia watu. Magoti ya leo yametokana na lile lililobuniwa New York na madaktari wa mifupa kina John Insall, ambalo lilianza kuwekwa mwaka 1974. Kuna uchambuzi mkubwa ulitoka 2019, wakajumlisha kumbukumbu za wagonjwa wengi sana, ukaonyesha kwamba magoti kama 82 kati ya 100 yanakuwa bado yapo mwilini baada ya miaka 25. Hiyo ni habari njema na naisema kwa furaha. Sasa upande wa pili, ambao watu hawapendi kuuongelea: karibu mtu mmoja kati ya watano anasema hajaridhika na goti lake jipya, na wengi wao ukiwapiga eksirei chuma kimekaa vizuri kabisa hakina tatizo. Wengine walitegemea goti la ujanani, wengine maumivu yalikuwa yanatoka sehemu nyingine tangu mwanzo, na wengine, hawa ndo wananiuma roho, goti lilikakamaa kwa sababu wiki sita za kwanza zilipita bila mtu kuwaambia jambo moja dogo ambalo ntalifikia.

Kwanza maandalizi. Kabla hujakubali tarehe hakikisha mtu ameangalia na nyonga yako, manake nyonga iliyosagika inaweza kuleta maumivu kwenye goti, na kuna watu wanahangaika na goti miaka wakati tatizo liko juu. Ukishahakikisha, sukari ishushwe na itulie, wenye presha hivyohivyo, sigara uache angalau wiki nne kabla, kwasababu kidonda cha mvutaji kinachelewa kupona na kinapata maambukizi kirahisi. Meno mabovu yatibiwe kabla, sio baada, bakteria wa kwenye jino wanasafiri na damu na wakifika kwenye chuma wanajenga makao na kuwatoa ni kazi kubwa mno. Kidonda chochote mguuni, hata kile kidogo cha katikati ya vidole, sema. Kama umechomwa sindano ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe, ndani ya goti mwambie daktari tarehe, wengi wanataka ipite miezi mitatu ndo wapasue. Pima wingi wa damu. Na dawa zako zote, hasa za kuzuia damu isigande na za baridi yabisi, zipeleke zikiwa kwenye paketi zake aziangalie, usiache mwenyewe na usiendelee mwenyewe.

Alafu misuli ya mbele ya paja. Hii nataka mnisikilize. Mwezi wa kwanza baada ya upasuaji ile misuli inapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake, hata kwa mtu mwenye bidii, kwasababu goti likivimba ubongo unaizima. Kwahiyo ukiingia chumba cha upasuaji na misuli dhaifu ni sawa na kuingia msimu wa njaa ghala likiwa tupu, na ukiingia nayo ina nguvu hata ikipungua nusu bado unabaki na cha kusimamia. Na mazoezi yenyewe wala hayahitaji kifaa: lala chali, kaza paja kama unataka kuubonyeza mgongo wa goti kwenye godoro, hesabu mpaka tano, achia, rudia. Kaa kwenye kiti, inuka bila kujivuta na mikono, kaa polepole. Fanya kila siku wiki sita kabla, ikikushinda kwa maumivu fanya kidogo ila fanya. Na mikono pia, sababu utaitegemea kwenye magongo.

Nyumbani ni mambo machache tu, zulia linaloteleza litolewe, nyaya zisipite njiani, kitanda kisiwe chini sana, choo kiwe cha kukaa au kiinuliwe, kiti kiwe na mikono na kigumu. Kama kuna ngazi lala chini wiki za mwanzo ukiweza.

Siku yenyewe siiongelei sana. Wengi wanapigwa ganzi ya mgongoni, wengine nusu kaputi, daktari wa usingizi atakueleza ipi inakufaa. Ukiamka anza kuchezesha vifundo vya miguu juu chini, juu chini, damu itembee. Halafu tutakusimamisha. Utaogopa, ni kawaida, lakini lile goti limetengenezwa libebe uzito wako siku hiyohiyo.

Sasa lile jambo dogo. Kuna mama mmoja niliitwa kumuona, upasuaji wake ulikuwa na wiki ya nne. Goti linakunja vizuri, digrii 100 (sifuri ni mguu umenyooka kabisa, 90 ni kama umekaa kwenye kiti), familia yote inashangilia. Lakini akitembea anachechemea kama mguu mmoja ni mfupi, mgongo umeanza kumuuma, paja linachoka hata kabla hajafika mlangoni. Nikamuomba alale kitandani anavyolala siku zote. Binti yake akachukua mto, kwa upendo kabisa, akauweka chini ya goti. Nikauliza huu mto unakaa hapa tangu lini, wakasema tangu siku ya kwanza, kila usiku, anasikia raha. Na ni kweli anasikia raha, goti lililovimba likikunjwa kidogo ndani kunakuwa na nafasi zaidi ya yale maji na maumivu yanapungua, ndo maana kila mtu anaukimbilia huo mto. Ila nyuma ya goti pale nyama zinaponea zikiwa zimejikunja, na zikishapona hivyo goti halinyooki tena. Niliutoa ule mto nikakunja taulo nikaweka chini ya kisigino, goti likabaki linaning'inia hewani, nikapitisha mkono wangu chini yake, vidole vinne vimelazwa kimoja juu ya kingine vikapita bila kugusa. Hiyo ndo ilikuwa nafasi aliyoipoteza. Tukakaa hivyo dakika kumi analia kimyakimya, akinywa dawa kabla na barafu baada, mara nne kwa siku, na kila nilivyorudi vidole vinavyopita vilikuwa vinapungua mpaka goti likagusa godoro. Alibahatika bado ilikuwa mapema.

Kwahiyo mto uwe chini ya kisigino, chini ya goti USIWEKE KITU. Goti lisiponyooka, kila unaposimama misuli ya paja inafanya kazi muda wote kukushikilia usianguke, haipumziki, nyonga na mgongo vinaanza kulipia. Watu wote wanauliza unakunja digrii ngapi, mi nauliza linanyooka?

Kukunja nako kuna umuhimu wake, sisemi mkuache. Wiki mbili za kwanza tunalenga digrii 90, hapo unaweza kukaa kwenye kiti na kuanza ngazi, na kufikia mwezi wa tatu wengi wanafika 110 mpaka 120. Kama wiki ya sita inafika na 90 hujaiona rudi kwa daktari wako, anaweza kukulaza kwa nusu kaputi akalikunja yeye, ila hiyo inasaidia zaidi ndani ya zile wiki 12 za mwanzo, ukingoja nusu mwaka nafasi imepungua sana.

Dawa ya maumivu meza nusu saa hivi kabla ya mazoezi. Kuvumilia bila dawa hakukuongezei kitu, unaishia kukaza mwili wote na goti halisogei. Zile kali zinafunga choo, kunywa maji, omba cha kulainisha mapema. Barafu dakika 15 mpaka 20 na kitambaa katikati. Na utajuaje umezidisha? Angalia asubuhi inayofuata, goti likiamka limevimba kuliko jana na linauma kuliko jana basi jana ulizidisha, leo punguza, usiache. Ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza uliofanyiwa. Mkongojo unashikwa mkono wa upande wa mguu mzima, naona watu wengi wanaushika upande wa goti bovu, mbadilishe leo.

Ya hatari ni haya, na hapa sitaki mtu asubiri kesho. Kigimbi kikivimba kikawa kigumu na kinauma, inaweza kuwa damu imeganda, na tafadhali msikichue wala kukikanda, nendeni hospitali. Ukipata kubanwa kifua au pumzi kukata ghafla, hiyo ni dharura, damu iliyoganda inaweza kuwa imefika kwenye mapafu. Ndo maana zile dawa za kuzuia damu kuganda unamaliza kama ulivyoandikiwa hata kama unajisikia mzima. Kidonda kikitoa maji au usaha, wekundu unaosambaa, homa na kutetemeka, rudi kwa aliyekupasua, na USINUNUE antibayotiki ukameza kwanza, manake ukimeza kabla hawajavuta maji ya goti kupima, yule mdudu anajificha na kumtambua inakuwa shida.

Kuna mambo yatakutisha na hayana ubaya: goti kulia kwa ndani tak tak, ganzi upande wa nje wa kovu ambayo kwa wengine haiishi yote, joto na uvimbe wa jioni kwa miezi. Na usiku. Wiki za mwanzo usingizi unakatika katika, na kufika kama wiki ya tatu watu wengi wananiambia wanajuta, wanalia, wanaona bora goti la zamani. Ndugu mnaowauguza mkisikia hivyo msimkemee, kaeni naye, kunakuja kuwa kwepesi. Ila pia msimfanyie kila kitu, maji ayafuate mwenyewe, hizo hatua ndo tiba yake.

Baba pale nyuma ameuliza kama anaweza kufanyiwa magoti yote mawili kwa mpigo. Inawezekana, kwa mtu ambaye moyo wake na mapafu yako vizuri, ila mzigo kwa mwili ni mkubwa zaidi, na mi nikiwaangalia wagonjwa naona wengi wanafanya vizuri wakianza na linalouma zaidi, wapone, ndo waende la pili.

Na huyu mama ameuliza kupiga magoti. Kidonda kikishapona vizuri na daktari akikuruhusu unaweza, haliharibiki, ila wengi wanalisikia vibaya, linachoma au wanaona kama sio la kwao, kwahiyo anza juu ya kitanda, halafu kitu laini sakafuni, na wengine hawazoei kabisa wanatumia kiti. Kuchuchumaa mpaka chini kabisa usitegemee. Kutembea, baiskeli, kuogelea kidonda kikishafunga, vyote ruksa, kukimbia na kuruka mi sikushauri kwasababu ile plastiki inalika. Haya, wenye eksirei zao mkononi njooni huku pembeni tuziangalie, na wale mliokwisha fanyiwa mpande hapa kitandani mmoja mmoja, nataka kuona linanyooka mpaka wapi.