Wilaya Ndogo, Sampuli Ndogo

Ndugu wasikilizaji, nianze na hesabu. Tuseme nchi ina wilaya 100, na fedha zilizopo zinatosha kudodosa kaya 2,000. Kwa taifa zima hiyo ni sampuli nzuri. Igawanye sasa: kila wilaya inabaki na kaya 20. Kati ya hizo, 6 zikisema hazina maji ya bomba, tunaandika asilimia 30. Kumbe ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 10 na 50, hata kama kaya zilichaguliwa kwa bahati nasibu bila hila yoyote. Nani atapanga bajeti kwa namba hiyo?

Wengi hujibu: ongezeni sampuli. Haya, lakini ukitaka kosa la makadirio, yaani huko kuyumba kwa pointi 20 juu na 20 chini, lipungue kwa nusu, sampuli iwe mara nne. Kaya 2,000 zinakuwa 8,000, na bado namba inayumba kwa pointi 10 juu na 10 chini. Tena wadodosaji walioajiriwa harakaharaka huja na makosa yao, na hayo hayamo kwenye fomula ya kukokotoa kosa la sampuli.

Wengine hulipa kwa muda. Utafiti wa jamii wa Marekani (American Community Survey), unaododosa kaya kila mwaka, hutoa makadirio ya mwaka mmoja kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi; maeneo madogo husubiri makadirio ya miaka 5 kwa pamoja. Namba hutulia, ila kiwanda kilichofungwa mwaka jana humezwa humo.

Mwaka 1979 wanatakwimu wa Marekani Fay na Herriot walionyesha njia ya kuazima taarifa kutoka vyanzo vingine. Kwa maeneo ya watu chini ya 1,000, walichanganya mapato yaliyopatikana kwenye sampuli na makisio ya modeli, yaani hesabu ya kukisia, iliyotumia takwimu za kodi na thamani za nyumba. Sampuli ikiwa ndogo, modeli hupewa uzito zaidi. Ni rahisi kwa gharama, nami naipenda, lakini huvuta kila eneo kuelekea wenzake. Eneo lenye shida ya pekee, ambalo ndilo tulilotaka kuliona, hufifia.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: namba itaamua nini? Kama ni kuchagua wilaya 10 za kuanzia, kuzipanga wilaya katika makundi ya juu, kati na chini kunatosha. Kama fedha zinagawiwa kwa fomula, na wilaya yenye asilimia 29 inakosa huku yenye 31 inapata, hapo lipeni gharama au badilisheni fomula.

Na eneo mnalolichunguza likiwa na kaya 200 tu, zihesabuni zote. Ila msichapishe jedwali lenye kaya moja ndani ya kisanduku. Majirani watajua ni ya nani.