Flashi Iliyorudi Tupu

ZAITUNI: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Kampala, Arua, Kasese na kokote mliko. Niko na Kaka Musa. Leo naanza na la nyumbani kwangu, maana wiki jana lilininyima usingizi.

MUSA: Ile flashi.

ZAITUNI: Ile flashi. Mdogo wangu anamaliza chuo. Alikwenda kuchapisha utafiti wake kwenye duka moja kule Wandegeya. Kufika nyumbani, anachomeka flashi, sura zote tano hazipo! Kimebaki kialama kimoja chenye mshale mdogo. Kurudi dukani, akaambiwa flashi imekufa, aifomati.

MUSA: Angefomati, hapo ndipo angezipoteza kweli. Hicho ni kirusi cha kompyuta, na cha aina ile hakifuti faili. Kinazibandika alama mbili, ya kufichwa na ya kuwa mali ya mfumo, kisha kinaweka njia ya mkato, kile kialama chenye mshale, mahali pake. Ukiibofya tu, umekiamsha upya. Kwanza bofya kulia kwenye flashi, chagua Properties. Ukiona nafasi kubwa imetumika na ndani huoni kitu, vitu vimo.

ZAITUNI: Ilionyesha zaidi ya GB 3. Nilipumua, Kaka.

MUSA: Sasa, kwenye Windows 11 unafungua File Explorer, unabofya View, halafu Show, halafu Hidden items. Windows 10 ni kichupo cha View hapo hapo juu. Watu wengi huishia hapo, wasipoona kitu wanakata tamaa. Ile alama ya pili bado inazificha. Ingia Folder Options, kichupo cha View, uondoe tiki kwenye Hide protected operating system files. Windows itakuonya. Kubali, na ukimaliza kazi rudisha tiki, hasa kama kompyuta inatumiwa na nyumba nzima. Mtoto akifuta faili ya mfumo, mashine inaweza isiwake.

ZAITUNI: Tulipofanya hivyo ikatokea folda isiyo na jina kabisa. Nilitaka kuifuta!

MUSA: Mara nyingi faili huwa zimehamishiwa humo. Ila ukiona System Volume Information, hiyo ni ya Windows, iache. Baada ya hapo fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E. Alama zote zinaondoka. Nakili kazi yako, upekue flashi kwa antivirusi, ndipo uifomati.

ZAITUNI: Na kwenye kompyuta yenyewe? Kuna aliyetuuliza: umeme ulikatika akiandika kwenye Word, hakuwa amehifadhi.

MUSA: Pole yake. Abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike %localappdata%, kisha aingie Microsoft, Office, UnsavedFiles. Si kila mara utakuta kitu, lakini angalia kabla ya kuandika upya. Hiyo ni sehemu ya folda iitwayo AppData, iliyofichwa ndani ya folda ya kila mtumiaji. Ina vyumba vitatu: Local, LocalLow na Roaming. Alamisho za Chrome zimo Local. Barua pepe za programu ya Thunderbird kwa kawaida zimo Roaming. Ndiyo maana nasisitiza: fundi akitaka kukuwekea Windows upya, mwambie anakili na AppData. Wengi hunakili Documents na picha, miaka ya barua inapotea.

ZAITUNI: Na wa Mac, wanaonaje vilivyofichwa?

MUSA: Ndani ya Finder, Command, Shift na nukta kwa pamoja. Kwenye mfumo wa Ubuntu, Ctrl na H. Huko faili hufichwa kwa kuanza jina na nukta tu.

ZAITUNI: Asante, Kaka.

MUSA: Na mdogo wetu, alichapisha?

ZAITUNI: Jumatatu. Safari hii aliituma PDF kwa barua pepe. Flashi aliiacha nyumbani.