Geuza jani kwanza: nilivyouchagua mti wangu wa bandia

Hamjambo nyote mlio nyumbani, na shikamooni wakubwa zangu. Leo nipo sebuleni kwangu hapa Oslo, Norwe, na huu mti nyuma yangu ndio mnaouulizia tangu video iliyopita. Wengi mmeandika, "Dada, huo mzeituni umeuoteshaje kwenye theluji?" Sijauotesha. Ni wa bandia. Nimeona niwaeleze nilivyouchagua, kwa sababu naumia nikiona watu wanauziwa plastiki inayong'aa kama beseni wakiambiwa ni urembo wa nyumba.

Huku Desemba jua linachomoza saa 3 na robo asubuhi, na saa 9 na robo alasiri limeshazama. Chini ya dirisha kuna hita ya umeme, hewa inakauka. Niliwahi kununua fikasi ya kweli, ile ya majani mapana ambayo asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi. Ikapukutisha jani moja moja, Februari ikabaki fimbo. Iliniuma sana. Mimi nimekulia Muheza, kule Tanga kwenye machungwa, mti nimezoea kuuona ukikua.

Basi dukani nikakuta mchungwa wa bandia umejaa machungwa, nikaufuata moja kwa moja. Nikashika jani, nikatazama kikonyo. Aliyekulia kwenye machungwa anajua: kabla jani lenyewe halijaanza, kikonyo kina vijibawa viwili vyembamba. Ule ulikuwa na waya tu uliovishwa plastiki. Machungwa nayo saizi moja yote, rangi imekoza. Ya kwetu yanaiva na ukijani wake kwa sababu usiku wetu una joto. Rangi ile kali hutokea penye usiku wa baridi. Kwa hiyo rangi si uongo, ziko nchi yako hivyo. Lakini kikonyo kile nisingeweza kukitazama kila siku.

Nikahamia kwenye mizeituni. Hapo ndipo mgeuze jani, jamani. Jani la mzeituni juu ni la kijani cha kijivujivu, chini ni jeupe kama fedha. Wa kwanza ulikuwa kijani pande zote mbili, nikaurudisha. Huu wangu, ngoja nisogeze kamera… mnaona? Chini umepauka, na majani machanga ya nchani hayafanani na ya ndani. Halafu shina, na hapa pesa yako iende bila kusita. Shina la plastiki lina mstari unaoshuka juu hadi chini, pale vipande viwili vya kalibu, kile chombo cha kuipa plastiki umbo, vilipokutana. Hili ni gogo la kweli lenye vifundo, matawi ndiyo yamechomekwa.

Dari yangu ni mita 2.4, nikachukua mti wa mita 1.8 ili upate pa kupumua.

Unafika umekunjwa kama mwavuli. Usiusimamishe hivyo hivyo. Anza na matawi ya chini, kunja waya mmoja baada ya mwingine, lingine lishuke, lingine lielekee dirishani, maana mti wa kweli hufuata mwanga. Mimi ilinichukua saa nzima na vidole viliuma. Kile kikopo cha saruji unachokuja nacho ni kidogo mno. Nimekitumbukiza kwenye kapu la ukindu alilonisukia shangazi, nikajaza magazeti, juu nikamwaga udongo wa kweli na kokoto. Mgeni akiuona udongo haulizi tena. Kila Jumamosi nafuta majani kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi likikaa, uzuri wote umekwisha.

Nyie wa nyumbani jua mnalo, na miche iko kwenye vitalu kando ya barabara. Nunueni ya kweli. Wa bandia muuweke koridoni au ofisi isiyo na dirisha, na msiutoe barazani, jua litaupausha.

Jana nilimpigia mama video. Akautazama mti, akauliza, "Unaumwagilia mara ngapi?" Nikamwambia ukweli. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kiangazi kikija, panda hata mbegu ya chungwa kwenye kopo, tuione ikichipua." Kopo nimeshalitoboa chini. Lile pale, dirishani.