Maji ya Mvua Kwenye Mgodi Ambao Bado Haujachimbwa

Wazee wetu, akina mama na vijana, hamjambo. Hapa Kakamega tunapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, lakini hesabu ya mwaka haimsaidii sana anayepanga mgodi wa dhahabu. Kinachobomoa mtaro ni mvua ya muda wa saa moja tu alasiri, ile mvua ya radi tunayoijua sote.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua milimita za mvua kwa saa, zidisha kwa hekta, zidisha tena kwa sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, kisha gawanya kwa 360. Unapata mita za ujazo kwa sekunde. Tuseme mteremko ni hekta 12, mvua milimita 60 kwa saa. Leo, penye nyasi na miti, sehemu inayotiririka tuseme ni 0.2: lita 400 kwa sekunde. Ng'oa nyasi, tingatinga lishindilie udongo, ifike 0.6: lita 1,200. Mvua ni ile ile! Ripoti ya tathmini ya mazingira ikiletwa kwenu, tafuteni kwanza namba hiyo ya sehemu inayotiririka. Kuna wanaopima shamba lilivyo leo, kana kwamba dhahabu itatolewa bila kugusa majani.

Sasa matope. Bwawa la kutuamisha mashapo hutegemea upana kuliko kina. Chembe ya milimita 0.02 huzama kama milimita 0.36 kwa sekunde, kwa hiyo zile lita 1,200, ukizigawanya kwa kasi hiyo, zinadai bwawa la mita za mraba 3,300 hivi, zaidi ya robo tatu ya ekari. Chembe ya mfinyanzi, milimita 0.002, huzama polepole mara 100: mita moja ni siku tatu na zaidi, tena maji yawe yametulia tuli. Mvua ya kesho haingoji. Shabu, ile dawa ya kusafishia maji, hugandisha chembe zikazama upesi, ila ni gharama ya kila msimu na inataka mtu wa kuipima.

Mimi ningeanza kutumia pesa upande wa juu wa mgodi. Chimba mtaro wa kukinga, maji safi ya hekta 7 yapite pembeni. Fungua hekta 5 tu kwa wakati mmoja. Zinabaki lita 500, bwawa mita za mraba 1,400. Kisichotuama huingia mto Isiukhu, kisha mto Nzoia, hadi Budalang'i na Ziwa Victoria. Na pale wachimbaji wadogo walipotumia zebaki, tope huibeba.

Tena bwawa lizolewe tope kabla ya mvua za Machi. Likiachwa, maji mapya hukimbia juu ya tope la mwaka jana na kuondoka nalo.